Tina

Kabla sijamwona, namnusa.
Harufu inamtangulia langoni,
inavua viatu, inakaa kwenye kochi
kabla ya mwenye nyumba.
Mama mkwe alisema, mwanangu ananukia duka jipya.
Tulicheka. Ndoa ilikuwa na miezi saba.

Lomnyaki anapiga rangi magari ya watalii, Unga Limited,
ndani ya ua la mabati lisilo na dirisha.
Dirisha huleta vumbi,
na vumbi likigusa rangi mbichi, bosi anakata mshahara.
Mwezi wa tano magari yanarudi yamechunika,
yanataka kuwa mapya kabla ya msimu.
Kopo moja la rangi, nusu kopo la tina,
anakoroga kwa kijiti, anainua, anatazama inavyodondoka:
"Ikiwa kama uji wa mgonjwa, imekubali."
Yanaondoka na Mlima Meru umelala juu ya boneti.
Yeye mbugani hajawahi kufika.

Tina inazimua rangi, inaosha bunduki ya kupulizia.
Inatoa grisi kwenye chuma,
lami kwenye kiatu cha shule cha Nasinyari,
wino kwenye shati la kwaya,
stika ya kampuni iliyofilisika.
Shemeji, fundi viatu, anaitia kwenye gundi iliyoganda.
Mimi mwenyewe niliiomba, kizibo kimoja tu,
nitoe rangi ya kucha, twende msibani.
Kitu kinachotoa kila kitu,
hatukuuliza kwa mtu kinatoa nini.

Kilianza na usingizi.
Kikafuata vidole: ganzi,
akawa anafunga vifungo kwa macho.
Kichwa kinamgonga Jumatatu mpaka Jumamosi,
Jumapili kinatulia,
naye akatoa sadaka ya shukrani.

Saa nne anapita kijana wa maziwa na baiskeli yake.
Kila fundi nusu lita. "Yanasafisha kifua."
Maziwa, jamani, yanakwenda tumboni.
Tina haina shida na tumbo.
Inaingia puani, inashika damu,
inapanda ubongoni kama mpangaji mwenye funguo zake.
Na barakoa ni fulana ya uchaguzi, imefungwa kisogoni,
mgombea anatabasamu juu ya pua.

Zahanati walimuuliza, kazini unavuta nini?
Akajibu, sivuti, mimi mlokole.
Wakampa dawa za maumivu, kumi na mbili.

Mimba yangu ya pili ilitoka mwezi wa nne.
Sisemi ni nini. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza.
Nasema tu kwamba ovaroli naifua mimi,
kwa mikono, kwenye beseni, chumbani, mvua ikinyesha.

Juzi alimwita Nasinyari kwa jina la dada yake aliyezikwa.
Akacheka. Nikacheka.
Mtoto hakucheka.
Yule aliyejua krimu kumi na moja kwa jicho
alisimama mbele ya mlango wetu, alioupaka mwenyewe,
akauliza: huu tuliupaka rangi gani vile?
Ulikuwa mbele yake. Kijani.

Ameniahidi ataongea na bosi. Feni moja. Barakoa ya kweli, yenye chujio.
Bosi amesema, msimu ukiisha.

Chupa ya tina iko juu ya kabati,
ile ya juisi ya embe, picha ya embe bado inang'aa.
Niliishusha jana, mtoto asije akaona kiu.
Kalamu haikushika kwenye plastiki,
nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu,
nikaandika kwa herufi kubwa: SUMU.
Nikapuliza ikauke. Nikairudisha.

Kizibo, kumbe, hakikukaza.
Asubuhi tone moja lilikuwa limeshuka ubavuni,
limepita katikati ya neno.
Embe lipo.
Palipoandikwa pamebaki wekundu kidogo,
kama shavu la mtu aliyetaka kusema jambo.